Siku ya Nne Hushikana

27 Februari

Mawingu yametanda tangu alfajiri lakini hayajamwaga kitu. Wifi yangu amekuja kliniki.

Naanza kuandika leo kwa kuwa sina pa kulisemea jambo hili. Kazini kwetu yanayoonekana ndani hayatoki nje, hata kwa mama mzazi, na mama mzazi ndiye ninayekaa naye nyumba moja. Nikinyamaza mchana kutwa, nikifika nyumbani nikanyamaza tena, nitapasuka kama chupa ya soda iliyotikiswa.

Nilikuwa nimetoka maabara kwenda stoo kuchukua glavu. Nikamkuta amekaa kiti cha mwisho cha korido, mkoba mapajani, miwani ya jua imepanda kichwani, amevaa fulana yake ya kazi. Wifi ni mwalimu wa udereva. Hatujasalimiana vizuri tangu msiba wa shangazi, tulipogombana juu ya viti vya kukodi, nani alisema vinatosha na nani alisema viongezwe. Viti vilisharudi kwa mwenyewe. Ugomvi tumebaki nao.

"Wifi," nikasema.

"Wifi."

"Umemsindikiza mtu?"

"Nimejisindikiza mwenyewe." Akasogeza mkoba ili nikae. "Nimekwenda kwingine mara mbili, mbali, nisije nikakutana na wewe kwenye korido kama hii. Mara zote mbili hakuna kitu. Sasa nimechoka kukukimbia. Wanasema mkono wako ni mwepesi. Haya, ushike."

"Mama anajua?"

"Mama akijua, mtaa umejua."

Nilitaka kukasirika kwa niaba ya Mama, lakini ni kweli.

Sikujua hata kama wanatafuta mtoto. Miaka saba ya ndoa, na nyumbani kwetu Mama ametufundisha kuamini kwamba mke wa kaka yangu ameoana na usukani. Leo nimemwona akijaza fomu na kukosea jina lake mwenyewe, kwa mkono ambao huvuta breki ya gari la watu wengine kila siku.

2 Machi

Mvua imefika. Nimechelewa kazini, njia yote maji.

5 Machi

Daktari ameridhia nishughulike na kesi ya wifi, maadamu mwenyewe ameomba. Mkuu wangu wa maabara ameridhia pia, kwa kichwa. Tunamwita Bi Kimya. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja na nadhani maneno yake yote yangeingia kwenye kikombe kimoja cha chai.

Kaka naye alikuja. Ni fundi wa majokofu, mtu mpole, akiingia chumba chochote kwanza anasikiliza kama kuna mashine inayolalamika. Tulipishana mlangoni, akanipiga bega, tukatazama pembeni wote wawili. Nilimwambia Bi Kimya waziwazi: sampuli ya mbegu za kaka yangu sitaishika mimi, kila kitu kina mpaka wake. Bi Kimya akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka.

8 Machi

Wifi ameanza sindano za kukuza mayai. Anajichoma mwenyewe, ndani ya gari la shule, kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine. "Mmoja kaniona kupitia dirishani," ameniambia, "kadhani mwalimu wake anatumia madawa. Siku hiyo alipaki vizuri kuliko siku zote."

10 Machi

Mvua usiku kucha, asubuhi manyunyu.

Leo tumejaribu maji mapya. Nieleze, maana hata Mama hajui ninafanya nini. Huwaambia majirani, "Binti yangu yuko kwenye mayai, pale hospitali," na nusu yao wanadhani napika jikoni. Daktari hutoa mayai kwa mama. Sisi huyakutanisha na mbegu ya baba kwenye kisahani, tukayalea siku tano ndani ya kabati la joto. Kinachofika siku ya tano kikiwa hai ni kiinitete, na Daktari hukirudisha tumboni. Maji ya kukilelea hatuyaamini mpaka tuyajaribu kwanza kwa viinitete vya panya.

Kiinitete kikiwa na seli nane, zinakaa kama gololi ndani ya kifuko. Kila moja ya mviringo, kila moja na mpaka wake, zimegusana tu kwa sababu hakuna pa kwenda. Kisha zinashikana. Kwa panya ni mapema, kwa binadamu ni siku ya nne. Juu ya ganda la kila seli zimesimama protini ambazo kazi yake ni kushika. Jina lake kadherini. Kadherini ya seli hii inamtafuta mwenzake aliye sawa nayo kwenye seli ya jirani, zinafungamana, zinakuja nyingine kwa maelfu nyuma yake, mpaka seli zinalala kifua kwa kifua na mipaka inafutika machoni. Kabla ya hapo una seli nane ambazo yoyote ingeweza kwenda zake. Baada ya hapo una kitu kimoja.

Mshiko huo unahitaji kalisi, yale yale madini ya mifupa na meno. Bi Kimya alitaka nirudie zoezi la kulegeza seli bila kuzijeruhi, akanipa tone la maji yasiyo na kalisi. Nikahamishia humo kiinitete cha panya kilichokwisha kubanana. Nikainamia hadubini.

Mipaka ikarudi. Taratibu, kama sura za watu ukungu unapoondoka. Seli zikaachiana moja baada ya nyingine, gololi nane tena. Nikazirudisha kwenye maji yenye kalisi, nikangoja, zikashikana upya. Hakuna aliyezionyesha nani alikuwa jirani ya nani.

Nimeshafanya hivi mara nyingi. Leo nimesahau kula.

"Hazikufundishwa," Bi Kimya akasema nyuma yangu. Halafu akaenda kunawa mikono.

14 Machi

Mama, wakati wa kuosha vyombo: "Wenzake wa rika lake wanasindikiza watoto shule. Yeye anasindikiza watu wazima kwenye mzunguko wa barabara." Nikasugua sufuria mpaka ikang'aa.

20 Machi

Siku ya kutoa mayai. Wifi aliingia chumba cha upasuaji akimwelekeza mwuguzi jinsi ya kugeuza kitanda chenye magurudumu. "Kata kulia. Kulia! Sasa nyoosha." Daktari alibana kicheko nyuma ya barakoa. Dawa ya usingizi ilimchukua katikati ya neno.

Tumepata mayai sita, si mengi. Nikayapanga kwenye kisahani. Bi Kimya akarudi na sampuli ya Kaka, akaiweka chini ya hadubini yake, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono bila kugeuka.

"Sindano."

Sindano ile nyembamba kuliko unywele hatuiombi ovyo. Tunaitumia mbegu za baba zikiwa chache mno na dhaifu mno kuingia yai zenyewe, inabidi tuichague moja, tuiingize kwa mkono. Nilimpa. Pale pale miaka saba ya maneno ya nyumbani kwetu iligeuka juu chini. Usukani, kazi, kiburi, tumbo lililofungwa. Mke wa kaka yangu hakuwa na kasoro yoyote. Aliyekuwa akila mezani kwetu huku mkewe anasemwa, akitazama sahani yake, ndiye alikuwa anajua.

Bi Kimya ameingiza mbegu sita kwenye mayai sita, mimi nikimpangia yai baada ya yai.

21 Machi

Siku ya kwanza. Manne yamerutubika.

23 Machi

Mawili yamesimama, hayagawanyiki tena. Yamebaki mawili, kila moja seli nane. Wifi amepiga simu. Nimemwambia. Amesema "sawa" mara tatu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia.

24 Machi

Siku ya nne.

Kabati letu jipya lina kamera ndani. Kila baada ya dakika chache inapiga picha, nasi tunaziona kwenye skrini bila kufungua mlango na kuvipoza viinitete. Ni msaada mkubwa na ni mateso, maana hakuna kinachokuzuia kukaa hapo na kutazama.

Nilifika mapema nimelowa hadi magotini. Picha ya kwanza: gololi nane kushoto, gololi nane kulia. Hazijashikana. Nikajiambia bado mapema. Nikafanya kazi za watu wengine, nikarudi. Gololi nane, gololi nane. Mvua ilikuwa inapiga bati la gereji ya jirani kama mtu anamwaga kokoto.

Kabla ya adhuhuri kile cha kushoto kilianza kuharibika. Seli moja ilimeguka vipande, kisha ya pili. Jirani zake hazikuizuia, kwa sababu hazikuwa zimeshika chochote. Nilikitazama mpaka kikawa mchanga ndani ya kifuko.

Kikabaki kimoja.

Jambo gumu la kazi hii ni kwamba siku ya nne huna la kufanya. Siku ya kutoa mayai una sindano, siku ya tano una mrija wa kukirudisha kiinitete. Siku ya nne joto liko sawa, hewa iko sawa, maji yana kalisi yake, kila kitu ambacho binadamu anaweza kutoa kimeshatolewa. Mkono mwepesi, mkono mzito, yote sawa. Nilikaa nimeukunja mapajani.

Bi Kimya aliniwekea chai, ikapoa. Akachukua ile baridi, akaleta moto.

Alasiri Daktari akaingia. Alitazama skrini, akatazama saa ya ukutani.

"Kimechelewa," akasema. "Ningewapigia leo, wasifunge safari kesho bure. Ni afadhali wasikie wakiwa nyumbani."

"Nipe saa moja."

"Dada, saa moja haibadilishi—"

"Mpe," akasema Bi Kimya.

Daktari akaduwaa, nadhani kwa sababu ya sauti yenyewe. Akatoka.

Nikakaa. Niliwaza jinsi wifi alivyosema "sawa". Niliwaza protini zile, ambazo sitaziona kamwe kwa hadubini yoyote tuliyo nayo, zimesimama kwa maelfu juu ya kila seli, mkono mtupu umenyooshwa kwenye maji. Zipo au hazipo. Zimekwisha kupanda juu au bado zimo ndani. Ni jambo dogo kiasi kwamba neno "dogo" ni kubwa kwake.

Picha ikabadilika. Hakuna. Ikabadilika tena. Nikadhani macho yamechoka.

Mpaka mmoja ulikuwa umepotea.

Juu kulia, seli mbili zilizokuwa gololi mbili, sasa huwezi kuona moja inaishia wapi. Nikamwita Bi Kimya, nadhani nilimwita, sikusikia sauti yangu. Picha iliyofuata, ya tatu imejilaza juu ya zile mbili. Iliyofuata, nne. Zilikuwa zinabonyea, zinajitandaza, zinavutana kama watu wanaosogeleana kitandani kwenye baridi. Kifuko kilichokuwa kimejaa kikabaki na nafasi pembeni, maana kilichomo ndani kilikuwa kimejikaza. Picha moja baada ya nyingine. Kisha hapakuwa na nane. Palikuwa na tufe moja, laini, na ukingo wake mmoja tu.

Bi Kimya alikuwa amekuja, amesimama nami bega kwa bega.

Nimeona siku ya nne mara nyingi zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Huwa naandika "zimeshikana", nachora alama ya vema, nasonga mbele. Leo nimeelewa kwamba kila mtu niliyewahi kumwona, Mama, Daktari, dereva aliyenirushia maji asubuhi, kila mmoja alikuwa na alasiri yake kama hii, na hapakuwa na mtu wa kumshikilia. Ilimbidi ashikane mwenyewe.

Daktari aliporudi na simu mkononi, Bi Kimya alimwonyesha skrini kwa kidole.

25 Machi

Kiinitete kimerudishwa. Wifi aliomba akione kwanza. Nikamgeuzia skrini. Kilikuwa kimeshapata uwazi katikati, kinang'aa kama tone la umande.

"Huyu?"

"Huyu."

"Mbona mviringo hivi? Nilidhani nitaona kitu chenye... sijui. Kichwa."

Nikamsimulia ya jana, kuanzia gololi hadi tufe. Kaka alikuwa amesimama upande wa kichwa chake. Wifi alisikiliza bila kunikatiza, jambo la ajabu.

"Kwa hiyo jana, wakati mimi niko nyumbani nalia kwenye kanga," akasema, "yeye alikuwa anajikusanya."

"Ndiyo."

"Basi ana akili kuliko mimi." Akajifuta jicho kwa kiwiko. "Haya Daktari. Ingiza gari."

27 Machi

Mvua. Jua kidogo saa ya chai.

29 Machi

Kaka na wifi walikuja kula mchana. Nilikuwa nimeomba Mungu wasije.

Mama alipika vizuri na akaanza vizuri. Aliuliza habari za kazi, akasifu viatu vya wifi. Kisha, wakati wa kuongeza mchuzi, kwa sauti ile ile ya kusifu viatu: "Na ile nyumba yenu ya vyumba vitatu. Viwili mnafugia nini, buibui?"

Nilifungua mdomo. Chini ya meza mguu wa wifi ulikandamiza wangu kwa nguvu, kama anakanyaga breki. Nikaufunga mdomo.

"Maana mwanamke akipenda usukani kuliko—"

"Mama," akasema Kaka.

Hakuinua sauti. Aliweka kijiko chini, akakinyoosha kilingane na sahani.

"Tatizo ni langu, Mama. Si lake. Mimi ndiye mwenye kasoro."

"Nani amekuambia upuuzi huo?"

"Madaktari watatu."

Mvua ilisikika. Mama alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, kisha akanitazama mimi, na nadhani usoni mwangu aliona kwamba nilijua. Akainuka, akakusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula, akaenda jikoni. Tukasikia bomba linatiririka, na linaendelea kutiririka.

Wifi alikuwa amejishika paji la uso. "Ungeacha tu," akamwambia Kaka. "Mimi nilishazoea."

"Mimi sikuzoea," akasema Kaka. "Kila Jumapili nasema leo nitasema. Miaka saba."

Tangu siku ile ya sindano nilikuwa nimemkasirikia kaka yangu. Nilikuwa nimemwita mwoga moyoni, na mengine. Sasa nilimwona amekaa pale, uso umemsawajika kama mtu aliyetoka hospitali, na mkewe amemshika ukosi wa shati kwa nyuma, haachii, na hasira yangu ikakosa pa kusimama.

31 Machi

Mama aliamka, akaomba mwavuli wangu mkubwa, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Kazini wifi akanipigia.

"Mama yako yuko hapa. Amesema amekuja kuona kama paa letu linavuja."

"Linavuja?"

"Wifi, dari letu ni la zege. Amekaa saa nzima analitazama."

"Amesema nini kingine?"

"Kwamba zege zuri. Halafu wakati anaondoka akanishika mkono, hivi, akatembea nao mpaka getini. Hajasema samahani. Lakini nimesikia."

5 Aprili

Damu imepimwa. Imeshika! Nilimpigia mwenyewe.

"Wifi, una mimba."

"Breki!"

"Nini?"

"Si wewe, huyu mwanafunzi. Breki, kaka, breki! Subiri. Zima gari. Zima kabisa." Nikasikia injini inazimika, vifuta-maji vinakwangua kioo. "Sasa rudia. Pole pole."

Nikarudia.

Mwanafunzi akauliza kama amefeli.

11 Aprili

Wifi anatapika. Furaha nyumba mbili.

16 Aprili

Damu.

Alifika kliniki asubuhi kalowa chapachapa, hakungoja hata mwavuli. Kaka alikuwa kazini mbali, juu ya paa la ghala. Daktari akampima kwa picha. Kifuko kipo mahali pake. Ndani yake kuna alama ndogo kama koma. Moyo hauonekani.

"Bado mapema kuuona," Daktari akasema. "Huenda upo njiani, huenda haupo. Sitakudanganya. Rudi baada ya wiki."

Akatuacha. Wifi alilala ubavu, uso ukutani. Nilikaa kwenye kiti cha mpima picha. Sikuwa na koti la maabara na sikujua mikono niweke wapi.

"Kimeachia?" akauliza ukuta.

"Sijui."

"Wewe ndiye mtaalamu."

"Mimi najua mpaka siku ya tano, wifi. Kikishatoka kwenye kisahani changu, sikioni tena."

Akajikunyata. "Nikikohoa naogopa. Nikicheka naogopa. Nalala kama nimebeba ndoo kichwani. Nadhani nikijigeuza tu kitadondoka."

Nikasogeza kiti. Sikuwa na ahadi ya kumpa, nikampa ninachokijua. Nikamwambia kiinitete hakitundikwi tumboni kama embe tawini. Kikifika, seli zake za nje zinatoa protini nyingine za kushika, si zile zilizozifunga zenyewe kwa zenyewe, hizi ni za kushika ukuta wa tumbo. Na ukuta nao una zake, zinachipuka siku chache tu za mwezi, zinangoja. Kwanza zinagusana na kuteleza, kama mtu anayepapasa swichi gizani. Kisha zinanasa. Kisha kiinitete kinajichimbia ndani kabisa, ukuta unafunga juu yake. Kikohozi hakiwezi kukifikia. Kicheko hakiwezi. Kama kitaachia, kitaachia kwa sababu zake, zilizokuwemo tangu mwanzo. Kama kimeshika, kimeshika.

Aligeuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kwa hiyo si mimi ninayekishikilia."

"Si wewe."

"Wala si wewe."

"Wala si mimi."

Akafikiri. Niliona mabega yake yanashuka, kidogo kidogo, kama mtu anayetua mzigo alioubeba mbali.

"Mungu wangu," akasema. "Miaka yote hii nimekaza misuli."

Akalala usingizi pale pale, kinywa wazi, viatu miguuni. Nilimfunika kwa koti langu la mvua upande ulio mkavu.

17 Aprili

Damu imepungua. Mama amehamia kwa kina Kaka na sanduku. Ameniachia nyumba na maagizo mengi.

20 Aprili

Damu imekata. Hakuna anayethubutu kusema kwa sauti.

Kidole kimoja hakivunji chawa: Kaka anafua, Mama anapika, mimi napeleka maziwa. Wifi anasema amekuwa gari bovu, kila mtu analisukuma.

24 Aprili

Tulikuja wote wanne. Mvua imepungua siku hizi, inanyesha kama inakumbuka tu. Mpima picha, mama mmoja mnene asiyependa mzaha, alisimama mlangoni akatuhesabu kwa macho.

"Mgonjwa na mtu mmoja. Chumba kidogo."

Kaka akapiga hatua. Mimi nilikuwa na kitambulisho cha kazi shingoni, mkono wangu ulishakigusa. Ningeweza kuingia na asingenizuia. Miaka kumi na moja nimekuwa nikitaka kuona kimoja, kimoja tu, baada ya kutoka mikononi mwangu.

Wifi alitutazama mmoja mmoja.

"Mama," akasema. "Twende."

Mama alishtuka. Akajishika kifuani kuuliza mimi? Wifi akamnyooshea mkono. Wakaingia, mlango ukafungwa, mkono wangu ukaachia kitambulisho.

Tulikaa mimi na Kaka. Alikuwa anatikisa goti. Baada ya muda akaelekeza kidole kwenye jokofu la maji ya kunywa la korido.

"Kompresa ya hilo inakufa," akasema.

"Sasa hivi?"

"Mwezi ujao."

Nikamshika goti. Likatulia chini ya kiganja changu, likaanza tena.

Hatukusikia sauti ya mashine. Tulisikia sauti ya Mama. Haikuwa kelele wala kilio. Ilikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa chumba anachokijua akakuta nyumba nyingine nzima ndani yake. "Haaa," tu. Kisha kicheko cha wifi, kirefu, cha mtu asiyeogopa kucheka.

Kaka alikuwa ameshaingia kabla sijasimama. Mpima picha akagomba, kisha akaacha.

Mama akatoka kumpisha. Alikaa kando yangu, kilemba kimemlegea.

"Kinapiga," akasema. "Chenyewe punje ya mchele. Na kinapiga, tena haraka, kama kina safari. Nimemuuliza yule mama, nani amekiwasha? Kaniambia hakuna anayewasha."

"Hakuna, Mama. Ni seli zimeshikana. Kila moja inadunda kivyake, lakini zikishashikana vizuri, pigo la moja linapita kwa zote, zinadunda kwa pamoja. Hapo ndipo unakuwa moyo."

Alinitazama, si kama mama anavyotazama binti, bali kama mtu anavyomtazama mpangaji ambaye ameishi naye miaka na leo ndiyo anauliza anafanya kazi gani.

"Na wewe," akasema, "haya ndiyo unayoyaona huko kwenye mayai yako?"

"Ya mwanzo wake. Kabla ya moyo."

"Kila siku?"

"Siku za kazi."

"Unayaona haya." Akaonyesha mlango. "Halafu unapanda gari, unarudi nyumbani, unavua viatu, unaniuliza kama kuna chumvi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ananiuliza kweli, amenikazia macho, anangoja nimweleze mtu anawezaje.